Lou Sullivan

Louis Graydon Sullivan (Milwaukee, Wisconsin, Marekani, 16 Juni 1951 – San Francisco, California, 2 Machi 1991), aliyejulikana zaidi kama Lou Sullivan, alikuwa mwandishi na mwanaharakati wa Marekani. Alipozaliwa alihesabiwa kuwa msichana, lakini baadaye alibadili jinsia na kuishi kama mwanamume.

Anakumbukwa hasa kama mmoja wa wanaume wa kwanza waliobadili jinsia na kutangaza waziwazi kwamba wanavutiwa na wanaume wenzao. Katika wakati wake madaktari wengi waliamini kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuwepo, na kwa sababu hiyo walimnyima matibabu. Sullivan alitumia miaka yake iliyobaki kuwaonyesha kwamba walikosea. Alianzisha pia kundi la FTM, mojawapo ya makundi ya kwanza nchini Marekani kushughulikia mahitaji ya wanaume waliobadili jinsia.

Utoto na ujana

Sullivan alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita katika familia ya Kikatoliki iliyoshika sana dini. Alikulia Wauwatosa, mji ulio kando ya Milwaukee, na alisoma katika shule za Kikatoliki, za msingi na za sekondari.

Alipokuwa na umri wa miaka 10 alianza kuandika shajara, na hakuacha kuiandika hadi karibu na kifo chake. Ndani yake aliandika michezo ya utotoni ambamo alijifanya mvulana, mapenzi yake kwa muziki wa bendi ya The Beatles, na maswali yaliyomsumbua kuhusu nafsi yake. Alitambua mapema mambo mawili: alitamani kuwa mwanamume, na alivutiwa na wanaume. Hakuwa amewahi kusikia habari za mtu mwingine aliyeunganisha mambo hayo mawili, wala hakujua jina la hali hiyo.

Wakati huo habari za watu waliobadili jinsia zilikuwa zimeanza kufahamika Marekani, lakini karibu zote zilihusu waliotoka uanaume kwenda uanamke. Aliyejulikana zaidi alikuwa Christine Jorgensen, ambaye habari za upasuaji wake zilienea katika magazeti mwaka 1952. Waliokwenda upande wa pili walikuwepo, lakini wengi waliishi kimyakimya, na kijana aliyetafuta mfano wa kuufuata hakuupata kwa urahisi.

Maandishi ya kwanza

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Sullivan alifanya kazi ya ukatibu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Milwaukee. Alijiunga na Gay People's Union, chama cha kutetea haki za mashoga na wasagaji mjini humo. Kufikia mwaka 1973 alijitambulisha kama mwanamke anayevaa mavazi ya kiume. Hilo ndilo jina lililopatikana kwa hali yake katika miaka hiyo.

Mwaka 1973 gazeti la chama hicho, GPU News, lilichapisha makala yake A Transvestite Answers a Feminist, ambamo alijibu hoja za mtetezi mmoja wa haki za wanawake. Mwaka uliofuata ilitoka makala nyingine, Looking Towards Transvestite Liberation. Makala hizo zilimwonyesha kuwa mwandishi mwenye hoja. Pia zilianzisha mazoea aliyoyashika maisha yake yote: kila alipojifunza jambo kuhusu hali yake, aliliandika ili wengine wasilazimike kulitafuta upya.

Kuhamia San Francisco

Mwaka 1975 aliamua kuhamia San Francisco pamoja na mpenzi wake, mwanamume. Mji huo ulikuwa na jamii kubwa ya mashoga, na kulikuwa na matumaini ya kupata madaktari wenye ujuzi wa kubadili jinsia. Familia yake haikumtenga. Alipoondoka ilimpa zawadi mbili za kumuaga: suti ya kiume na saa ya mfukoni iliyokuwa ya babu yake.

San Francisco alipata kazi ya ukatibu katika kampuni ya Wilson Sporting Goods. Aliajiriwa kama mwanamke, ingawa mara nyingi alivaa kiume. Kuanzia Julai 1979 hadi Oktoba 1980 alihariri The Gateway, jarida la chama cha Golden Gate Girls/Guys. Wengi wa wanachama wake walikuwa watu waliozaliwa wanaume na kuvaa mavazi ya kike. Chini ya uhariri wake jarida hilo lilianza kutoa nafasi pia kwa mahitaji ya waliozaliwa wanawake.

Kukataliwa na kliniki

Mwaka 1976 Sullivan alianza kutafuta upasuaji wa kubadili jinsia. Matibabu hayo yalitolewa zaidi na kliniki chache zilizokuwa chini ya vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilifungua kliniki yake mwaka 1966, na Chuo Kikuu cha Stanford, kilicho karibu na San Francisco, kikafuata mwaka 1968.

Ili kupokewa, mwombaji alipaswa kueleza maisha yake mbele ya madaktari, nao waliamua kama yeye ni mgonjwa wa kweli wa hali hiyo. Katika uamuzi huo walitazama pia mapenzi ya mwombaji. Mwanamke aliyeomba kuwa mwanamume alitarajiwa kuwapenda wanawake, ili baada ya matibabu awe mume wa kawaida mwenye mke. Kama alipenda wanaume, madaktari walisema hana sababu ya kubadili chochote, maana mwanamke kumpenda mwanaume ni jambo la kawaida. Hoja hiyo ilichanganya mambo mawili tofauti: mtu kujijua kuwa yeye ni nani, na mtu kumpenda nani.

Waombaji wengi waliyajua majibu yaliyotakiwa. Walifundishana, wakaenda kliniki na kusimulia maisha yaliyolingana na matarajio ya madaktari. Sullivan angeweza kufanya hivyo pia, lakini alikataa. Alieleza wazi kwamba anataka kuishi kama mwanamume shoga. Kliniki ya Stanford ilimkatalia, na maombi yake mengine pia yalikataliwa kwa sababu hiyohiyo.

Kukataliwa huko kulimuumiza na kumtia mashaka. Kwa muda alijaribu kuacha mpango wake na kuishi kama mwanamke. Mwaka 1978 mdogo wake wa kiume alifariki, na msiba huo ulimfanya ayatafakari upya maisha yake. Baada yake alirudia azimio lake la kubadili jinsia.

Matibabu na maisha mapya

Mwaka 1979 hatimaye alipata madaktari na washauri wa kujitegemea waliokubali kumhudumia bila kumtaka afiche mapenzi yake. Mwaka huo alianza kutumia homoni ya testosteroni, na mwaka 1980 alifanyiwa upasuaji wa kifua. Katika kipindi hicho alisaidiwa na Steve Dain, mwalimu wa michezo wa California aliyebadili jinsia katikati ya miaka ya 1970 na ambaye habari zake zilikuwa zimetangazwa sana.

Aliacha kazi ya ukatibu na kuajiriwa kuwa fundi wa masuala ya uhandisi katika kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield. Sababu yake ilikuwa rahisi: wafanyakazi wenzake wapya hawakuwahi kumjua kama mwanamke, hivyo walimpokea kama mwanamume tangu siku ya kwanza. Mwaka 1986 alifanyiwa upasuaji wa viungo vya uzazi, hatua ya mwisho aliyoitafuta kwa miaka kumi.

Ushauri na vitabu

Sullivan alijitolea kuwa mshauri katika Janus Information Facility. Kituo hicho kilirithi kazi ya taasisi ya Erickson Educational Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1964 na tajiri Reed Erickson, ambaye mwenyewe alikuwa mwanamume aliyebadili jinsia. Sullivan aliwajibu watu waliotoka uanamke kwenda uanaume, kwa barua, kwa simu na kwa kukutana nao.

Kutokana na kazi hiyo aliona kwamba maswali yalikuwa yaleyale: namna ya kuchagua mavazi, namna ya kumweleza mwajiri, homoni hufanya nini mwilini, daktari apatikane wapi. Mwaka 1980 alikusanya majibu katika kitabu kidogo, Information for the Female-to-Male Crossdresser and Transsexual. Kilikuwa mwongozo wa kwanza wa aina yake, na matoleo mengine yalifuata mwaka 1985 na 1990. Ndani yake alieleza pia kwamba mtu aliyebadili jinsia anaweza kuwapenda wanawake, wanaume au wote.

Kitabu chake cha pili kilikuwa cha historia. From Female to Male: The Life of Jack Bee Garland kilichapishwa na Alyson Publications mwaka 1990, baada ya miaka mingi ya utafiti katika magazeti na nyaraka za zamani. Garland (1869–1936) alizaliwa San Francisco akiwa binti wa balozi mdogo wa Mexico. Mwaka 1897 alijulikana katika mji wa Stockton kwa jina la Babe Bean, akivaa kiume, akiishi katika mashua na kuandikia gazeti la mji huo. Baadaye alikwenda Ufilipino wakati wa vita vya Marekani huko. Baada ya tetemeko la ardhi la San Francisco la mwaka 1906 alihudumia waliopoteza makazi.

Watafiti wengi walizoea kueleza kwamba wanawake wa zamani walivaa kiume ili kupata kazi za wanaume au kuishi na wapenzi wa kike. Sullivan alionyesha kwamba maelezo hayo hayamtoshi Garland, ambaye alipendelea kukaa na wanaume. Kwa njia hiyo alijipatia yeye na wenzake mtangulizi katika historia.

Upendo huo wa historia ulimfanya pia kuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha historia ya mashoga na wasagaji cha San Francisco, kilichoundwa mwaka 1985 na ambacho leo huitwa GLBT Historical Society. Alisaidia kupanga jarida la chama hicho kwa ajili ya uchapaji.

Kundi la FTM

Desemba 1986 Sullivan aliitisha mkutano wa wanaume waliobadili jinsia na wale waliokuwa wakifikiria kufanya hivyo. Kundi lililotokana na mkutano huo liliitwa FTM, kifupisho cha Kiingereza kinachomaanisha kutoka mwanamke kwenda mwanamume. Mikutano iliwapa washiriki nafasi ya kuonana ana kwa ana, jambo ambalo wengi hawakuwahi kulipata, na kubadilishana habari za madaktari, kazi na familia.

Mwaka 1987 kundi lilianza kutoa jarida lake. Sullivan alilihariri mwenyewe, na lilitumwa kwa posta hata nje ya California. Kwa msomaji aliyeishi mbali na miji mikubwa, jarida hilo lilikuwa mara nyingi uthibitisho wa kwanza kwamba hayuko peke yake.

UKIMWI na kifo

Ugonjwa wa UKIMWI uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani Juni 1981, kati ya wanaume mashoga wa Los Angeles, na muda mfupi baadaye San Francisco ikawa mojawapo ya miji iliyoathirika zaidi. Nchini Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka hiyo hakukuwa na dawa ya kufubaza virusi kama zilizopo sasa. Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa Marekani Machi 1987, na manufaa yake yalikuwa ya muda mfupi.

Mwaka 1986, baada ya upasuaji wake wa mwisho, Sullivan aligunduliwa kuwa na UKIMWI. Aliambiwa kwamba amebakiwa na miezi 10 hivi ya kuishi. Hata hivyo aliishi zaidi ya miaka minne, na sehemu kubwa ya kazi inayomfanya akumbukwe ilifanyika katika miaka hiyo: kuendesha kundi la FTM, kuhariri jarida, kukamilisha kitabu cha Garland na kuandikiana na madaktari.

Aliwaandikia pia madaktari wa kliniki iliyomkataa. Aliwaarifu kwamba ingawa waliamua kuwa hawezi kuishi kama mwanamume shoga, inaelekea atakufa kama mmoja wao.

Alifariki San Francisco tarehe 2 Machi 1991 kutokana na maradhi yanayoambatana na UKIMWI, akiwa na umri wa miaka 39. Uongozi wa kundi la FTM ulichukuliwa na Jamison Green. Baadaye kundi hilo liliitwa FTM International, na Agosti 1995 mkutano mkubwa wa wanaume waliobadili jinsia ulifanyika San Francisco.

Mabadiliko katika utabibu

Sullivan hakutosheka na kupata matibabu yake mwenyewe. Alitaka kanuni zibadilishwe. Aliwaandikia wataalamu wa chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani na wale wa chama cha kimataifa kilichobeba jina la Dk. Harry Benjamin, ambacho mwaka 1979 kilitoa viwango vya kwanza vya huduma kwa watu wanaobadili jinsia. Aliwataka wakubali kwamba jinsia ya mtu na mapenzi yake ni mambo mawili, na kwamba la pili lisitumiwe kumnyima mtu huduma ya la kwanza.

Kati ya mwaka 1988 na 1990 alikubali kuhojiwa mara kadhaa mbele ya kamera na Dk. Ira Pauly, daktari wa magonjwa ya akili aliyebobea katika masuala haya. Katika mahojiano hayo alieleza maisha yake, mapenzi yake, matokeo ya upasuaji na ugonjwa wake. Kanda hizo zilitumika kufundishia wataalamu, nao waliweza kumwona na kumsikia mtu ambaye vitabu vyao havikumtaja.

Mabadiliko yalikuja polepole, na yalitokana na juhudi za watu wengi. Mwaka 1993 Eli Coleman, Walter Bockting na Louis Gooren walichapisha utafiti kuhusu wanaume waliobadili jinsia na kuvutiwa na wanaume. Toleo la nne la mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, la mwaka 1994, lilitambua kwamba watu hao wapo. Toleo la tano, la mwaka 2013, liliacha kabisa kuwagawa watu wanaobadili jinsia kwa kigezo cha nani wanayempenda. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, ambayo iliondoa suala la kubadili jinsia katika sura ya magonjwa ya akili. Shirika hilo lilikuwa limeuondoa ushoga katika orodha ya magonjwa mwaka 1990, Sullivan akiwa bado hai.

Hali katika Afrika ya Mashariki

Tofauti aliyoisisitiza Sullivan, kati ya jinsia na mapenzi, haijulikani sana katika Afrika ya Mashariki, ambako mara nyingi watu waliobadili jinsia na mashoga huhesabiwa kuwa kundi moja. Sheria za nchi nyingi za eneo hili zinaadhibu mapenzi ya jinsia moja. Nchini Tanzania kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa adhabu inayoweza kufikia kifungo cha maisha, na Uganda ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2023.

Hata hivyo mahakama zimewahi kutoa hukumu zilizolinda haki za watu wa makundi haya. Nchini Uganda nyumba ya Victor Mukasa, mwanaharakati na mwanamume aliyebadili jinsia, ilivamiwa na viongozi wa mtaa mwaka 2005. Desemba 2008 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake na za mwenzake aliyekamatwa zilivunjwa. Nchini Kenya, mwaka 2014, Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani kumbadilishia Audrey Mbugua jina katika cheti chake cha sekondari na kuondoa alama ya jinsia.

Shajara na kumbukumbu

Kabla ya kufa Sullivan alipanga shajara, barua na picha zake zihifadhiwe na chama cha historia alichosaidia kukianzisha. Shajara hizo, zilizoandikwa kwa takriban miaka 30, ni miongoni mwa kumbukumbu kamili zaidi za maisha ya mtu aliyebadili jinsia katika karne ya 20.

Mwaka 2017 Brice D. Smith alichapisha wasifu wake, Lou Sullivan: Daring to Be a Man Among Men. Mwaka 2019 Ellis Martin na Zach Ozma walihariri sehemu za shajara katika kitabu We Both Laughed in Pleasure, ambacho mwaka uliofuata kilipata tuzo ya Lambda Literary. Mwaka huohuo wa 2019 jina la Sullivan lilikuwa kati ya majina 50 ya kwanza yaliyowekwa kwenye ukuta wa heshima katika Stonewall Inn, New York, mahali pa maandamano ya mwaka 1969 yaliyochochea harakati za haki za mashoga nchini Marekani.